Jaji na Chama: Mizani ya Delaware

Mtu aingiapo mahakamani kudai mirathi ya mzazi wake, au kuomba malezi ya wanawe baada ya ndoa kuvunjika, jambo la kwanza alitakalo ni kwamba yule aketiye kitini asiwe amekwisha kuamua shauri kabla ya kulisikia. Wahenga walionya kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Huko Marekani onyo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu mashauri ya mirathi na ya ndoa, pamoja na sehemu kubwa ya makosa ya jinai, huamuliwa na mahakama za majimbo, siyo zile za Shirikisho. Na kila jimbo lina njia yake ya kuwapata majaji.

Katika jimbo la Texas majaji huchaguliwa na wananchi kwa tiketi ya chama, kama wachaguliwavyo wabunge. Kwa miaka mingi mpigakura aliweza kuweka alama moja tu na kukichagua chama kizima, tangu Gavana hadi jaji wa wilaya. Mwaka 2018, katika wilaya ya Harris penye jiji la Houston, chama cha Democratic kilitwaa viti vyote vya mahakama vilivyoshindaniwa wilayani humo. Wale wa chama cha Republican waliondoka pamoja, hodari kwa mzembe. Upepo wa siasa haukuuliza nani alisoma majalada yake vizuri. Utaratibu wa alama moja uliondolewa kuanzia uchaguzi wa 2020, lakini jina la chama limebaki kando ya jina la jaji.

Mizani ya vyama viwili

Delaware, jimbo dogo la pwani ya mashariki lenye wilaya tatu tu, lilishika njia nyingine. Huko majaji hawachaguliwi kwa kura. Gavana huwateua, Baraza la Seneti la jimbo huwathibitisha, nao hutumikia kwa miaka 12. Tangu miaka ya 1970 magavana wamekuwa wakitumia tume ya kuwapima waombaji na kuwapendekezea majina.

Ili Gavana asiwajaze wafuasi wake mahakamani, Katiba ya jimbo, ambayo msingi wake ni ule wa 1897, iliweka mizani. Kanuni ya kwanza ni kwamba chama kimoja kisiwe na zaidi ya wingi wa mtu mmoja. Katika Mahakama Kuu ya Rufani yenye majaji watano, basi, chama kimoja hakiwezi kupata zaidi ya watatu. Kanuni ya pili, iliyohusu mahakama tatu za juu, ilitaka viti vilivyosalia vishikwe na watu wa chama kikubwa kingine.

Watetezi wa mpango huo husema kwamba umewalazimisha majaji wa pande mbili kuketi meza moja na kusikilizana. Na kweli mahakama za jimbo hilo zina sifa kubwa. Zaidi ya nusu ya makampuni makubwa ya Marekani yameandikishwa huko, na mojawapo ya sababu ni imani katika Mahakama yake ya Chancery.

Asiye na chama aende wapi?

Lakini mizani yenye visahani viwili haikumwachia nafasi mtu wa tatu. Raia asiyejiandikisha katika chama chochote hakuweza kuteuliwa katika mahakama hizo tatu, hata kama elimu na uadilifu wake vilijulikana na wote. Mwaka 2017 wakili mmoja aliyekuwa amejitoa chamani alifungua shauri akidai kwamba jambo hilo linavunja uhuru wa raia wa kujiunga au kutojiunga. Mahakama za chini za Shirikisho zilimkubalia kwa sehemu kubwa. Mwezi Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Marekani ililitupa shauri hilo kwa kauli moja, ikisema kwamba hakuthibitisha kuwa alikuwa tayari kweli kuomba kazi hiyo. Swali lenyewe halikujibiwa.

Wakili mwingine asiye na chama alilifufua dai hilo, na mapema mwaka 2023 serikali ya jimbo ilikubali kutoitumia tena kanuni ya pili. Kanuni ya kwanza haikuguswa.

Hapo ndipo penye funzo. Kukizuia chama kimoja kisiimeze mahakama ni busara. Kumfungia mlango raia kwa kukosa chama ni dhuluma. Kanuni ya kwanza huweka mpaka kwa wenye nguvu. Ile ya pili ilimnyima mnyonge. Tena hakuna hesabu ya viti iwezayo kumtengeneza jaji mwadilifu. Mjane aliye mbele ya hakimu hana haja ya kujua hakimu huyo alimpigia nani kura. Haja yake ni kusikilizwa, na kuona sheria ikitumika kwake kama itumikavyo kwa mwenye mali.