Mtoto Anayetembea kwa Vidole

Wazazi wengi wenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo wanaijua hali hii: mtoto anatembea kwa vidole, visigino havigusi chini. Wazo la kwanza ni kwamba kano ya kisigino imekaza, basi ikatwe na kurefushwa.

Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini wapo watoto ambao kifundo chao ni kizima. Kinachoinua kisigino ni goti lililojikunja. Tujaribu wenyewe: simama, kunja goti moja kuelekea nyuma bila kugusa kifundo. Vidole vyenyewe vinaelekea chini. Mtoto wa namna hii akirefushiwa kano tunamwongezea shida, kwa sababu kano iliyolegea haizuii tena muundi kuinamia mbele. Magoti yanazidi kukunjika, na mtoto anaishia kutembea kama aliyechuchumaa. Kuirudishia kano hiyo nguvu yake ni kazi ngumu.

Jicho la daktari, hata lenye uzoefu, haliwezi kufuata nyonga, magoti na vifundo kwa pamoja. Ndiyo maana hospitali zenye chumba cha kupimia mwendo, hasa Ulaya na Marekani, humbandika mtoto vijipira vinavyong'aa kwenye viungo, naye akatembea mbele ya kamera zilizofungwa ukutani. Kijipira kikionekana na kamera mbili au zaidi, kompyuta hukokotoa mahali kilipo, na hivyo pembe ya kila kiungo katika kila hatua. Haiumi, ila mtoto huvaa kaptura tu, na wengine huona haya.

Kasoro yake ni kwamba hatua zinazopimwa ni chache, na mtoto anayejua anatazamwa hujikaza (nani asiyefanya hivyo?). Mwaka 2011 watafiti wa Carnegie Mellon na Disney, Marekani, waligeuza mpango: walifunga kamera ndogo mwilini, zikitazama nje, na kwa jinsi mandhari yalivyosogea pichani kompyuta ikajua kila kiungo kimekwenda wapi.

Sisi tunayo simu. Mpige mtoto video akitembea pekupeku, kaptura juu ya magoti, kwanza kutoka mbele, kisha ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga na imetulia. Haichukui nafasi ya vipimo, lakini mwonyeshe daktari wa mifupa kabla hajapanga upasuaji, na umwulize kama amepima goti na nyonga pia. Wengine wasitumiwe video hiyo.