Kuku Anapofumba Jicho: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Dawa

Kuku hula kwa kuona. Punje asiyoiona haidonoi, na maji asiyoyaona hayanywi. Ndiyo maana ugonjwa wa macho ambao wenyewe si wa kuua huweza kummaliza kuku kwa njaa na kiu katika siku chache, chakula kikiwa mbele yake.

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Nyakatuntu, kuku wa kienyeji hushinda migombani wakijitafutia, na usiku hulala bandani au jikoni. Mwenye kuku anapomkuta mmoja amefumba jicho, mara nyingi hukimbilia dukani kuulizia "dawa ya macho". Ni vyema akatanguliza swali jingine: jicho hilo limeharibiwa na nini? Sababu nyingi hazitibiki kwa dawa hiyo, nayo ikishaingia mwilini mwa kuku huweza kufika hadi ndani ya yai.

Mkamate kuku mchana, penye mwanga, utazame macho yote mawili, kishungi, pua na kinywa. Usishtuke ukiona utando mwembamba ukipita upesi juu ya jicho. Huo ni ukope wa tatu, na kila kuku mzima anao.

Ukikuta vipele au magamba meusi kwenye kishungi na kando ya kope, huenda ni ndui ya kuku. Huletwa na virusi, nao mbu huisambaza, hivyo hujitokeza zaidi nyakati za mvua. Kope huvimba na kushikamana kabisa. Hakuna dawa inayoua virusi hivyo, na anayekuuzia sindano ya ndui anakuuzia matumaini. Wengi hupona wenyewe kwa wiki mbili hadi nne, ilimradi wasife njaa. Basi kazi kubwa ni ya mwenye kuku: amtenge mgonjwa, amwoshe jicho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo bila kubandua magamba kwa nguvu, kisha amlishe na kumnywesha kwa mkono mpaka aone tena. Kinga yake ni chanjo, inayochomwa kwenye ngozi ya bawa.

Kuku wengi wakifumba macho pamoja na kukwepa mwanga, bila vipele wala kamasi, inama ndani ya banda mpaka kichwa chako kifikie usawa wa vichwa vyao. Harufu ikikuchoma macho, jua nao inawachoma usiku kucha. Ni hewa ya amonia itokayo kwenye kinyesi kilicholowa, na dawa yake ni koleo, maranda makavu na dirisha. Kwa wanaolala jikoni, moshi nao huwasha macho.

Kuku wanaolishwa pumba za mahindi meupe tu, bila majani mabichi, hukosa vitamini A. Macho hutoa machozi, kisha hujaa uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Mchicha, majani ya viazi vitamu na viazi lishe vya rangi ya chungwa vyatosha kuzuia hali hiyo, na havina gharama kubwa.

Uso uliovimba upande mmoja, pamoja na kamasi yenye harufu mbaya, huashiria mafua makali ya kuku. Haya huletwa na bakteria, na hapa antibayotiki husaidia. Lakini aliyepona huweza kuendelea kuwaambukiza wenzake. Macho yakivimba huku kuku akihara kijani, akihema kwa shida au akipinda shingo, shuku kideri na umwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Mboni iliyogeuka kijivu na kupoteza umbo lake la duara ni dalili ya ugonjwa wa Marek, usio na tiba. Chanjo yake hutolewa kwa kifaranga wa siku moja, kwa hiyo muulize anayekuuzia vifaranga.

Sasa turudi dukani. Dawa ya macho ya binadamu kutoka duka la dawa muhimu isitumiwe kwa kuku, hasa yenye kloramfenikoli. Dawa hii, kwa watu wachache, huweza kuzuia mwili kutengeneza damu, na hakuna kiwango cha mabaki yake katika chakula kilichothibitika kuwa salama. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa wanyama wanaoliwa mwaka 1994. Nunua dawa ya mifugo iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), katika duka la dawa za mifugo lenye kibali. Kataa unga uliopimwa kwenye karatasi. Soma lebo: tarehe ya mwisho wa matumizi, na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai. Siku hizo huhesabiwa tangu dozi ya mwisho. Mayai ya kipindi hicho yasiliwe nyumbani wala kupelekwa gulioni, na kuku asichinjwe.

Tone lifaalo kuingia katika jicho la kuku mzima ni la chanjo ya kideri. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto, hutengenezwa Kibaha na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Hudondoshwa tone moja katika jicho moja, kuku akishikwa mpaka apepese, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, kwa hiyo panga siku moja na majirani na mchangie gharama. Kuku aliyekwisha kuugua asichanjwe. Na mchanjaji anawe mikono kwa sabuni kabla ya kujigusa usoni, kwa kuwa virusi vya kideri huweza kuvimbisha jicho la mtu pia.