Kipakatalishi hakifi kwa joto, hufa kwa kupuuzwa

Mgeni anayefika Kericho kwa mara ya kwanza hulakiwa na baridi. Mji huo umekaa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha alasiri nyingi za mwaka, na mvua ya mawe huanguka mara kwa mara hivi kwamba eneo hilo limepata sifa duniani kwa ajili yake. Mgeni huyo angeambiwa kwamba katika nchi hii ya makoti na mablanketi, mojawapo ya maradhi yanayovimaliza vipakatalishi ni joto, angedhani anafanyiwa mzaha.

Huo si mzaha hata kidogo. Kipakatalishi, au laptopu kama wengi walivyozoea kuiita, huanza kwa kuvuma kama mzinga wa nyuki. Halafu huwa kizito, na kazi iliyokuwa ikichukua dakika moja huchukua tano. Sehemu yake ya chini huunguza mapaja ya mtumiaji. Mwishowe hujizima ghafla, pengine katikati ya mtihani au ukurasa wa mwisho wa tasnifu, na mwenyewe hubaki ameshika tama, akiamini kwamba chombo chake kimekufa.

Kwa wengi wa wakazi wa Kericho na Bomet, msiba huo si mdogo. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipewa hati yake mwaka 2013, na Chuo cha Bomet kikaanzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Tangu shule na vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo mengi ya vyuo yamehamia kwenye kompyuta, na mwanafunzi asiye na chombo hicho ni kama mkulima asiye na jembe. Mzazi mwenye ekari moja au mbili za majani chai hukinunua kwa bonasi, yale malipo ya mara moja kwa mwaka ambayo wakulima wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA huyangoja hadi takriban mwezi wa Oktoba. Sote tunajua jinsi wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walivyolalamika katika miaka ya karibuni kwamba bonasi yao ni haba ikilinganishwa na ya wenzao wa mashariki. Chombo kilichonunuliwa kwa jasho la namna hiyo hakistahili kutupwa kwa sababu ya vumbi.

Naam, vumbi. Ndani ya kila kipakatalishi kuna prosesa, kipande kidogo ambacho ndicho ubongo wa mashine. Prosesa ikifanya kazi hutoa joto jingi, na joto hilo hupokewa na bamba la shaba, likapita katika mrija mwembamba hadi kwenye mapezi ya chuma yaliyo karibu na tundu la pembeni. Hapo feni ndogo huyapulizia mapezi hayo hewa na kulitoa joto nje. Aghalabu prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi ili isiungue, na ikiona hatari imezidi, huizima mashine nzima. Yafaa tukumbuke kwamba katika mwinuko wa Kericho maji huchemka kwenye takriban nyuzi 93. Maana yake ni kwamba kijichuma hicho chaweza kuwa moto kuliko maji tunayopikia chai.

Mkulima wa majani chai hahitaji kufundishwa kanuni hii, kwani anaiishi. Anajua kwamba majani mabichi yakishindiliwa kwenye gunia na kucheleweshwa kwenye kituo cha kununulia, hujitia moto yenyewe, yakageuka mekundu na kukataliwa. Anajua pia kwamba yakifika kiwandani hutandazwa juu ya vitanda virefu vya kunyaushia, na feni kubwa huyapulizia hewa kutoka chini. Kipakatalishi kina dhiki ile ile ya gunia lililoshindiliwa. Kinachokiua ni kunyimwa pumzi.

Basi ni kwa nini kinyimwe pumzi katika nchi yenye hewa safi kama hii? Sababu ya kwanza ni baridi yenyewe. Kwa kuwa usiku ni wa baridi, mwanafunzi hupanda kitandani, akajifunika na kukilaza kipakatalishi juu ya blanketi. Vipakatalishi vingi huvuta hewa kupitia matundu ya chini, na blanketi huyaziba kabisa. Isitoshe, nyuzi za sufu hufyonzwa ndani na kujisokota kwenye mapezi mithili ya utando wa buibui. Sababu ya pili ni moshi na masizi ya jiko katika chumba ambacho madirisha yake yamefungwa. Ya tatu ni vumbi jekundu la barabara za murram, ambalo miezi ya kiangazi ya Januari na Februari huingia hata kwenye kabati. Kuna na ya nne, isiyoonekana kwa macho: katika mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni ile ile hubeba joto kidogo zaidi kila inapozunguka. Ubaridi wa hewa hufidia upungufu huo, lakini mashine ikishazibwa, fidia hiyo haifui dafu.

Tiba huanza na yaliyo rahisi, nayo hayagharimu hata senti. Kiweke kipakatalishi juu ya meza au ubao mgumu. Itazame orodha ya programu zinazoendeshwa, kwani wakati mwingine programu moja iliyokwama, au virusi, huitumikisha prosesa usiku na mchana bila faida. Kisha tega sikio. Feni inayovuma sana huku hewa inayotoka pembeni ni hafifu inakuambia kwamba mapezi yamezibwa. Feni inayokwaruza kama kijiwe kwenye kopo inakuambia kwamba fani zake zimelika. Feni iliyo kimya kabisa ilhali mashine inaunguza imekwisha kufa, au waya wake umechomoka. Mwenye kusikiliza kwa makini hupata nusu ya jibu kabla ya kushika bisibisi.

Mashine ikibidi kufunguliwa, izimwe kwanza, chaja ichomolewe na betri itenganishwe. Mfunguaji aguse chuma kitupu ili aondoe umeme tuli mwilini mwake, na kila skurubu iwekwe kwenye karatasi mahali panapolingana na ilikotoka, maana urefu wake hutofautiana na iliyo ndefu ikiingizwa pasipo pake yaweza kutoboa bodi. Vumbi lisafishwe kwa brashi laini na kwa upepo wa kipulizo. Mapanga ya feni yazuiwe kwa kidole wakati wa kupuliza, kwani yakizungushwa kwa nguvu za nje fani zake huharibika.

Kati ya prosesa na bamba la shaba kuna ute wa kijivu unaofanana na dawa ya meno, ambao mafundi huuita pesti. Kazi yake ni kujaza mianya midogo isiyoonekana ili joto livuke bila kizuizi. Ute huo hukauka baada ya miaka kadhaa na kuwa kama udongo uliopasuka. Jambo hili linatuhusu sana, kwa kuwa vipakatalishi vingi vinavyouzwa katika miji yetu ni vya mitumba, vilivyotumika ofisini huko Ulaya na Marekani kabla ya kufika kwetu, na pesti yake imezeeka pamoja navyo. Ile ya zamani hupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa spiriti safi, na mpya hutiwa kiasi cha punje ya mchele. Anayepaka nyingi akidhani anazidisha ubora hujiharibia, kwa sababu pesti ikiwa nene huzuia joto badala ya kulipitisha.

Feni iliyolika haina dawa ila kubadilishwa. Kila feni ina nambari iliyochapishwa kwenye kibandiko chake, na nambari hiyo ndiyo inayopaswa kuagizwa kutoka Nairobi, si jina la mashine pekee, kwa kuwa aina moja ya kipakatalishi yaweza kuwa na feni mbili tofauti. Betri nayo huchoka. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa hupungukiwa na uwezo, na hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni betri kuvimba. Ukiona kibodi imeinuka, au kifuniko hakifungi sawasawa, usiendelee kuichaji, usiitoboe wala usiitupe motoni. Betri za lithiamu zilizovimba huweza kulipuka moto, na katika nyumba ya mbao moto huo haungoji zimamoto.

Sasa nageukia jambo linalonikera. Sisi watu wa nchi ya chai si wageni wa ukarabati. Katika viwanda vya Litein, Momul, Kapkoros au Tirgaga, majani husagwa kwa mashine za CTC, mtindo uliobuniwa huko Assam, India, mapema katika miaka ya 1930. Rola za mashine hizo zina meno makali, na meno hayo yakiwa butu rola hutolewa, hunolewa na kurudishwa. Hakuna meneja anayetupa mashine nzima kwa kuwa meno yake yamelika. Nyumbani nako, kibuyu cha mursik husafishwa kwa sosiot na kupakwa mkaa wa senetwet kabla ya kutiwa maziwa mengine. Mama anayeacha kibuyu chake kichafu hawezi kulaumu ng'ombe maziwa yakiharibika. Iweje basi watu wale wale, wenye nidhamu hiyo ya kiwandani na ya jikoni, watumie kipakatalishi miaka minne bila kukifungua hata mara moja, kisha wakitangaze kuwa kimekufa?

Wapo watakaosema kwamba mashine kuukuu haifai kupotezewa pesa. Hoja yao ina uzito katika hali fulani. Ikiwa bodi kuu imeungua, au gharama ya vipuri inakaribia bei ya mashine nyingine, busara ni kukubali hasara. Lakini uamuzi huo hutolewa baada ya uchunguzi, si kabla. Na hapa sina budi kuwaonya baadhi ya mafundi wetu. Fundi anayetangaza kifo cha mashine iliyozibwa na vumbi ili aiuzie vipuri, au anayebadilisha betri nzima na kuweka ya bandia, anawaibia wanyonge. Mteja naye ana haki ya kuonyeshwa kipuri kilichotolewa, kuandikiwa stakabadhi na kuambiwa ni kipi kilichoharibika.

Lawama nyingine ni ya watengenezaji. Vipakatalishi vya zamani vilikuwa na betri ya kuchomolewa kwa kidole. Vingi vya siku hizi betri zake zimegundishwa kwa gundi na kumbukumbu zake zimechomelewa kwenye bodi, kana kwamba mnunuzi amekodishiwa tu. Ufaransa ilianza Januari 2021 kuwalazimisha wauzaji kubandika alama inayoonyesha jinsi kifaa kilivyo rahisi kukarabatiwa, vipakatalishi vikiwemo. Mzazi wa Bomet anayetoa bonasi yake ya mwaka anaistahili alama hiyo kuliko hata Mfaransa, kwa kuwa yeye hana nafasi ya kukosea mara mbili.

Tukumbuke pia mahali zinakokwenda mashine tunazozitupa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kenya ilitunga Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayowatwika watengenezaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao hata baada ya kuchakaa. Sheria ni njema, lakini betri iliyovimba huko Mogogosiek bado hutupwa shimoni nyuma ya nyumba, karibu na mashina ya chai na juu ya kijito wanachotekea maji majirani.

Yanayohitajika si makubwa. Vyuo vya ufundi vya kaunti hizi mbili vifundishe ukarabati wa kompyuta kwa uzito ule ule unaopewa uchomeleaji na umekanika wa magari. Vyuo vikuu vitenge siku moja kila muhula, wanafunzi wasafishe mashine zao chini ya uangalizi wa mafundi. Serikali za kaunti ziweke mahali pa kukusanyia betri na mashine zilizokufa kweli, ili zipelekwe kwa wachakataji. Nao wazazi, kabla ya kutia mkono mfukoni kwa ajili ya chombo kipya, waulize swali moja: hiki cha zamani kilifunguliwa na kusafishwa lini?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kipakatalishi ufa wenyewe ni vumbi la uzito wa manyoya, na ukuta ni bonasi ya mwaka mzima.