Istilahi za Ufundi: Grauti ya Vigae na Maradhi Yake

Mfasiri wa maelekezo ya matumizi humwandikia mtu atakayetenda neno lile lile alilolisoma. Neno likikosewa, kosa haliishii katika karatasi bali hufika jikoni. Katika makala haya tunakusudia kuchambua istilahi chache zihusuzo kaunta za jikoni zilizotandikwa vigae, hususan ule ujazo ulio baina ya kigae na kigae, ambao huharibika rangi upesi kuliko vigae vyenyewe.

Kigae, kwa asili, ni kipande cha chungu kilichovunjika. Baadaye maana ilipanuka ikaingiza vigae vya paa na vya sakafu. Marumaru kwa asili ni jiwe, lakini nchini Tanzania wengi huliita hivyo hata kigae cha udongo wa kuchomwa. Tofauti hii si ndogo, kwa kuwa jiwe la marumaru huliwa na siki na ndimu. Kwa hiyo, katika maandishi ya kiufundi, marumaru libaki jina la jiwe.

Ujazo wenyewe mafundi huuita grauti. Wako wasemao "saruji nyeupe", lakini hilo ni jina la mali ghafi, wala si grauti zote zitengenezwazo kwa saruji. Ziko za epoksi pia. Tunapendekeza neno grauti likubaliwe, katika ngeli ya I-/ZI-, na nafasi inayojazwa iitwe mwanya.

Grauti ya saruji ina vitundu vidogo mno vinywavyo mafuta, chai na bizari. Maelekezo mengi husema tu "grauti iliyobadilika rangi". Maneno hayo ni sahihi, lakini hayatoshi, kwani yanakusanya hali nne zenye tiba mbalimbali:

1. Grauti yenye madoa: husuguliwa kwa rojo ya magadi soda na maji, kwa brashi ya nailoni, kisha husuuzwa.

2. Grauti iliyoota kuvu: hupakwa dawa ya klorini iliyozimuliwa kwa maji, madirisha yakiwa wazi.

3. Grauti iliyotoa chumvi: maji yapitayo ndani ya saruji huyeyusha chumvi na kuziacha juu kama unga mweupe. Hupanguswa kwa brashi kavu, kisha hutafutwa chanzo cha maji.

4. Grauti iliyopauka: rangi yenyewe imetoka, na kusugua hakutairudisha. Ikiisha kusafishwa na kukauka, hupakwa rangi ya grauti. Iliyomomonyoka hukwanguliwa na mwanya kujazwa upya.

Hatari kubwa imo katika fungu la maneno "dawa ya kusafishia". Siki na maji ya ndimu ni asidi, nazo huyeyusha chokaa iliyomo katika saruji hata grauti ikalegea. Dawa ya klorini, ambayo mitaani huitwa jiki kwa kufuata jina la biashara, ni kitu kingine kabisa. Vitu hivi viwili vikichanganywa hutoa gesi ya klorini, yenye kuunguza macho na mapafu. Dawa hiyo ikichanganywa na amonia hutoa pia gesi za sumu. Mfasiri aandikaye "dawa ya kusafishia" kwa zote hizo amemnyima msomaji njia ya kuzipambanua. Hapana budi kuandika dawa ya klorini na kisafishi cha asidi, na onyo "Usichanganye" litangulie maelekezo, lisifichwe mwishoni.

Limebaki tendo la mwisho, ambalo wengi hulifasiri kuziba. Kuziba ni kujaza tundu au ufa, hali tendo hili ni kuinywesha grauti dawa ili isinywe maji. Tunapendekeza kukinga, na dawa yenyewe iitwe kikingamaji. Grauti ya epoksi kwa kawaida haihitaji dawa hiyo. Ile ya saruji hupimwa kwa tone la maji: tone likisimama kama ushanga, kinga ingalipo, likinywewa na pale mahali pakakoza rangi, kinga imekwisha.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa vyuo vya ufundi, wayalinganishe mapendekezo haya na maneno wayasikiayo kwa mafundi, watuletee yaliyo bora zaidi.