Si Kila Duara ni Alama ya Kimondo

Anayefungua picha za setilaiti kwenye simu na kuziweka juu ya mji wa Eldoret huona mengi kwa muda mchache. Mji umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mashariki ardhi inakatika ghafla na kuteremka hadi Bonde la Kerio. Kaskazini magharibi unaonekana Mlima Elgon, wenye bakuli kubwa kileleni. Na upande wa Nakuru lipo duara pana la Menengai. Mtoto akiyaona maduara hayo, swali lake halikawii: je, hapa ndipo kilipoanguka kimondo?

Sisi twaliona swali hilo kuwa jema, lisilostahili kuzimwa kwa kuambiwa "wacha maneno mengi". Wapo watu wazima waliouliza vivyo hivyo, na majibu yao yakaingia katika vitabu vya elimu.

Mwaka 2008, Vincenzo De Michele, Mwitaliano aliyepata kuwa mhifadhi wa makumbusho mjini Milan, alikuwa akipitia picha za Google Earth za jangwa la kusini mwa Misri. Akaona shimo dogo la mviringo ambalo halikufanana na kitu kingine chochote jirani yake. Mnamo Februari 2010 wataalamu wa Italia na Misri walifika mahali penyewe. Walikuta shimo lenye upana wa mita 45, na pembezoni mwake maelfu ya vipande vya chuma kilichotoka angani. Shimo hilo sasa laitwa Kamil. Limesalimika kwa sababu limo jangwani, ambako mvua ni nadra na mimea hakuna. Kwetu penye mvua na jembe, shimo la kadiri hiyo lingefukiwa na kusahaulika.

Mfano wa pili u karibu nasi zaidi, tena katika nchi inayosema Kiswahili. Katika uwanda wa Kundelungu, Katanga, kusini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lipo umbo la mviringo liitwalo Luizi, lenye upana wa kilomita 17. Kwa jicho la mtu aliyesimama chini ni vilima na mabonde tu. Kwa jicho la setilaiti ni pete ndani ya pete. Wanajiolojia walikuwa wamelitaja tangu mapema katika karne iliyopita, na baadaye wakadhani huenda ni athari ya kimondo. Lakini dhana haikuwa ushahidi. Ilibidi Ludovic Ferrière na wenzake waende kwa miguu, wavunje mawe na kuyatazama kwa hadubini, ndipo mwaka 2011 wakatangaza kuwa Luizi ni alama ya kimondo kwa hakika.

Waliona nini? Waliona mawe yenye michirizi inayoanzia ncha moja na kutawanyika kama mkia wa farasi, na chembe za kwatzi zilizopasuka kwa mistari myembamba sambamba. Alama hizo huletwa na mshindo mkubwa mno, ambao volkano haiwezi kuutoa.

Hapa ndipo penye funzo. Ngorongoro ya Tanzania ina upana unaokaribia kilomita 20, hauko mbali na ule wa Luizi. Juu ya skrini mtu angeweza kuyadhania kuwa ndugu wa tumbo moja. Kumbe Ngorongoro ni volkano: mlima ulitapika moto, tumbo lake likabaki tupu, kilele kikaporomoka ndani. Menengai na bakuli la Elgon yana asili ya namna hiyo pia. Hata wataalamu wamepata kudanganyika: duara kubwa la Richat, nchini Mauritania, lilidhaniwa kuwa la kimondo hadi mawe yake yalipochunguzwa na kukana. Duniani kote mashimo ya vimondo yaliyothibitishwa ni yapata 200 tu, na Afrika ni kama 20.

Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Naye, pamoja na majonzi yake, aliwakanusha. Mambo mawili kufanana au kukutana si dalili kwamba moja limezaa jingine.

Wala vimondo si habari za mbali. Siku ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1992, mawe mengi kutoka angani yaliangukia Mbale, Uganda, ng'ambo ya pili ya Elgon. Kijiwe kimoja chepesi kilipenya migomba na kumgusa kijana kichwani, asidhurike. Mawe hayo hayakuacha shimo la kuonekana kutoka angani. Kwa hiyo pana vimondo bila mashimo, na mashimo bila vimondo.

Basi binti au mwana akiona duara asilolielewa, asikatazwe, wala asishangiliwe kabla ya wakati. Aandike majira ya nukta yake, kisha alitazame katika picha za miaka na misimu mbalimbali, kwani shamba linalomwagiliwa kwa mtambo wa kuzunguka huwa duara pia. Aulize kama pana volkano jirani. Likibaki swali, lipelekwe kwa walimu wa jiolojia wa chuo kikuu. Na atakayeuziwa jiwe jeusi kwa jina la kimondo azuie mkono wake: uwanda wa Uasin Gishu umetandazwa mawe meusi ya volkano, na sumaku hunasa mengi yasiyotoka angani.

Mabinti zetu hupokea kila siku picha na habari zisizo na mwenyewe, na wengi huzipeleka mbele kabla ya kuzichunguza. Aliyezoea kulitazama duara na kusema "bado sijajua, ngoja nihakikishe" amepata kinga itakayomfaa hata atakapoiweka ramani chini.