Kovu la BCG Linamkinga Mtoto na Nini?

Mada ya leo ni kifua kikuu, yaani TB, na chanjo yake.

Mtazame mtoto wako mkono wa kushoto, chini ya kiwiko kwa juu. Huenda ukaona kovu dogo la mviringo. Hilo ni kovu la chanjo ya BCG. Mama mwingine akiliona husema, "Huyu alichanjwa, kikohozi chake hakiwezi kuwa TB." Maneno hayo yana ukweli nusu, na hiyo nusu nyingine inaweza kumgharimu mtoto maisha yake. Kwa hivyo leo tuelezane.

Chanjo hii ilitoka wapi?

Ilitengenezwa Ufaransa na Albert Calmette, aliyekuwa daktari wa watu, na Camille Guérin, daktari wa mifugo. Kuanzia mwaka 1908 walichukua kijidudu cha TB ya ng'ombe, wakakikuza juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe. Kila baada ya wiki chache walikihamishia kwenye viazi vingine. Walifanya hivyo kwa miaka 13, mpaka kijidudu kikapoteza ukali wake. Mwaka 1921 huko Paris, mtoto mchanga ambaye mama yake alikuwa amekufa kwa TB alipewa chanjo hiyo kwa mara ya kwanza. Wakati ule ilinyweshwa. Siku hizi hudungwa kwenye ngozi.

Inafanyaje kazi mwilini?

Wewe mfugaji unajua kwamba kijana aliyekwisha kuona nyayo za fisi hatashangaa fisi akija usiku. BCG ni kama nyayo hizo. Ni kijidudu kilicho hai lakini dhaifu, na askari wa mwili wakikiona wanajifunza kumtambua adui wa kweli. Ndiyo maana baada ya wiki chache panatokea kipele, kisha kidonda kidogo, kisha kovu. Usikipake dawa, majani wala mafuta, na usikifunge kitambaa. Kiache kikauke chenyewe. Na kama kovu halikutokea, usiwe na hofu: haina maana kwamba chanjo haikufanya kazi.

Inakinga nini, na haikingi nini?

BCG humkinga mtoto mdogo na TB zile kali zaidi: TB ya utando wa ubongo, na TB inayosambaa mwili mzima. Hizi huua haraka, au humwacha mtoto kiziwi au amepooza. Kwa sababu hiyo peke yake, chanjo hii ni ya thamani kubwa.

Lakini kuhusu TB ya mapafu, kinga yake si kamili, na hupungua mtoto anapokua. Kwa nini? Kijidudu cha TB ni mjanja. Askari wa mwili akikimeza, hakifi. Hujificha ndani ya askari huyohuyo, kama fisi aliyelala katikati ya mbuzi zizini. Kinaweza kulala hivyo miaka mingi bila mtu kuugua, kisha kikaamka mwili ukidhoofika kwa njaa, Ukimwi au uzee. Kumfikia adui aliyejificha hivyo ni vigumu, na ndiyo sababu wanasayansi wamehangaika kupata chanjo iliyo bora zaidi.

Utafiti umefika wapi?

Si kila jaribio lililofaulu. Mwaka 2013 chanjo moja iliyojaribiwa kwa watoto wachanga karibu 2,800 nchini Afrika Kusini haikuwaongezea kinga juu ya ile ya BCG. Nyingine, iitwayo M72, imetoa matumaini. Haina kijidudu kizima, bali ina vipande viwili vya protini yake pamoja na kichocheo cha kuamsha askari wa mwili. Ilijaribiwa kwa watu wazima wenye TB iliyolala mwilini, katika nchi za Kenya, Zambia na Afrika Kusini. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika miaka 3 waliochanjwa waliugua TB ya mapafu karibu nusu ya wale ambao hawakuchanjwa. Mwaka 2024 jaribio kubwa zaidi lilianza, la watu wapatao 20,000, na Kenya imo. Chanjo hiyo inalenga vijana na watu wazima. Haichukui nafasi ya BCG ya mtoto wako.

Sasa mama, ufanye nini?

Kwanza, mtoto apate BCG anapozaliwa. Ukijifungulia nyumbani au malishoni, mlete kliniki mapema, hata kama wiki zimepita. Uliza siku ya BCG, kwa sababu chupa moja huwa na dozi za watoto wengi, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Ukiambiwa urudi siku fulani, rudi. Kama mama ana virusi vya Ukimwi, mwambie muuguzi kabla mtoto hajadungwa.

Pili, mtoto akikohoa wiki 2 au zaidi, akiwa na homa isiyoisha, akikonda, akiacha kucheza au akivimba tezi za shingo, mpeleke akapimwe, kovu liwepo lisiwepo. Akitapika, akilegea, shingo ikikakamaa au akipata degedege, usingoje kesho. Mtoto mdogo hawezi kutema makohozi, lakini hata choo chake kinaweza kupimwa TB.

Tatu, mtu mzima nyumbani akigunduliwa ana TB, peleka watoto wote wa boma hilo wakachunguzwe. Aliye chini ya miaka 5 na hajaugua hupewa dawa za kukinga. Dawa za TB ni za bure katika hospitali za serikali. Mgonjwa azimalize zote, hata kama familia inahama na mifugo. Mweleze mhudumu mnakoelekea ili apange jinsi mtakavyopata dawa huko.

Wanasayansi wangali wanatafuta chanjo iliyo bora. Wewe usisubiri. Anza na hii iliyopo, kisha sikiliza kikohozi cha mtoto wako.