Uzi Ukiisha, Usifunge Fundo

Anayejifunza kufuma, uzi ukimwishia, hukimbilia kufunga fundo. Wasukaji wa mikeka wa Kizaramo, huko Kisarawe, hawafungi kitu: chane ya ukindu ikikaribia kuisha, mpya hulazwa juu yake, zikasukwa pamoja hatua chache, na ncha zilizochomoza hukatwa baadaye. Ukili wenyewe, yaani ule ukanda unaosukwa, ndio unaozibana. Sweta nalo hujishika hivyo hivyo. Mwanzoni mwa safu, acha mkia wa uzi wa zamani wa sentimita 15 hivi, acha mwingine kama huo wa uzi mpya, kisha endelea kufuma kwa ule mpya. Vitanzi vya kwanza vitalegea, visikutishe. Vuta mikia taratibu. Kazi ikiisha, ipitishe mikia hiyo kwa sindano butu upande wa ndani, uende nayo huku, urudi nayo kule.

Atasema mtu kwamba fundo ni imara zaidi. Siku ya kwanza, labda. Lakini uzi wa akriliki huteleza, na fundo lake huweza kulegea kwa kufuliwa. Lisipolegea, hubaki kidonge cha kumkera mtoto shingoni. Hoja nzito zaidi ni ya upotevu: kubadilisha pembeni hubakiza vipande, na uzi ni pesa. Basi pima kwanza. Safu moja ya kawaida hula uzi wa takriban mara tatu hadi nne ya upana wa kazi. Ukibaki pungufu ya hapo, badilisha. Skafu, ambayo kingo zake zote huonekana, iungie katikati: fuma nyuzi mbili pamoja kwa vitanzi vichache, na katika safu inayofuata kila jozi ihesabu kitanzi kimoja.